Nahau za Kiingereza: namna ya kupata maana yake na kuijua asili yake ya kweli

Mwaka 1999 barua pepe isiyo na mwandishi ilisambaa duniani ikieleza eti maisha ya Uingereza katika miaka ya 1500. Ilidai kwamba mbwa na paka walikuwa wakilala juu ya mapaa ya nyasi kutafuta joto, mvua ikinyesha paa linateleza, wanyama wanaporomoka hadi chini, na ndiyo maana Mwingereza husema "it's raining cats and dogs". Hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo. Yeyote aliyewahi kulala chini ya paa la nyasi angeikataa papo hapo, maana mvua ikianza mbwa anaingia ndani au anajibanza chini ya uvungu wa ghala. Nani amewahi kumwona akipanda juu ya paa kujikinga?

Uongo wa namna hii umezizunguka nahau za Kiingereza kila upande, na una sifa moja: ni mtamu kuliko ukweli. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mfasiri, mwandishi wa habari au mtu wa ofisini anayekutana na nahau kwenye barua ya bosi na kutaka kujua mambo mawili, inamaanisha nini na ilitoka wapi. Hizo ni kazi mbili tofauti. Maana unaipata kwa kuangalia watu wanavyoitumia leo. Asili unaipata kwenye maandishi ya zamani. Anayechanganya hizo mbili ndiye anayeishia kukisia maana kwa kutumia hadithi ya asili, tena hadithi yenyewe ya uongo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni nahau

Dalili ya wazi ni maneno kutokukaa na mazungumzo. Watu wanajadili bajeti ya soko jipya, ghafla anatajwa tembo mweupe. Hapo jua kuna jambo. "White elephant" ni mali au mradi uliogharimu fedha nyingi usiokuwa na faida, na gharama za kuutunza bado zinaendelea.

Dalili ya pili ni ya kisarufi na wengi hawaiangalii. Nahau nyingi zimeganda. "He kicked the bucket" maana yake amekufa. Igeuze iwe "the bucket was kicked by him" na kifo kinatoweka, inabaki ndoo iliyopigwa teke. Kwetu ni hivyohivyo. "Babu amekula chumvi nyingi" ni sifa ya umri. "Chumvi nyingi imeliwa na babu" ni habari ya kumpeleka akapimwe presha. Lakini hazikuganda zote kwa kiwango kimoja. "Spill the beans", yaani kutoboa siri, inakubali kugeuzwa, na magazeti huandika "the beans were spilled" bila shida. Ukikutana na nahau mpya, andika umbo lake kamili kama ulivyoliona, na usiguse kitenzi, nomino wala "the" mpaka umeona mwenye lugha akizigeuza.

Hatua ya pili: pata maana kwenye matumizi

Fungua kamusi ya wanafunzi, ile iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa lugha. Zipo kadhaa za bure mtandaoni. Tafuta chini ya nomino iliyo nzito zaidi. "Kick the bucket" itafute kwenye "bucket". Ukishasoma maana usifunge ukurasa, soma na vile vialama vidogo vinavyoitangulia, "informal", "old-fashioned", "disapproving", "British", "North American". Hapo ndipo watu wanapoponzwa.

Chukua hiyo hiyo ya ndoo. Maana yake ni kufa, lakini ni neno la mzaha, sawa na kusema fulani amekata kamba. Mtu akiandika kwenye kadi ya rambirambi kwamba baba wa mwenzake "has kicked the bucket", maana ameipata barabara, ila adabu imemtupa mkono. Kiingereza cha msibani ni "passed away", kama sisi tulivyo na kufariki na kuaga dunia.

Vialama vya nchi navyo si vya kupuuza. Bungeni Uingereza "to table" jambo ni kulileta lijadiliwe. Marekani ni kuliweka kando lisijadiliwe kwa sasa. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya karatasi moja kwa sababu ya neno hilo, kumbe wote walitaka ijadiliwe. Afrika Mashariki tumefuata upande wa Uingereza. Taarifa rasmi za Bunge la Tanzania zina sehemu ya "Hati zilizowasilishwa mezani". Ukiwa unafanya kazi na shirika la Kimarekani, uliza kwanza.

Baada ya kamusi, kusanya sentensi tatu za kweli kutoka magazetini, si za kamusi. Kila moja iulize: nani anasema, anamwambia nani, na wana cheo gani? Mfano, "read the riot act". Kwenye magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam utamkuta waziri akiwasomea makandarasi, mkuu wa shule akiwasomea wanafunzi, kocha akiwasomea wachezaji wakati wa mapumziko. Daima ni mkubwa kwa wadogo, daima ni onyo kali lenye tishio la hatua. Mkandarasi hawezi kumsomea waziri "riot act". Hilo kamusi nyingi hazikuambii; sentensi tatu zinakuambia.

Hatua ya tatu: tambua uwanja ilikotoka

Nahau za Kiingereza hazikuanguka kutoka mawinguni. Sehemu kubwa inatoka kwenye shughuli chache ambazo Waingereza walizifanya kwa karne nyingi, na ukizijua shughuli hizo utakuwa unakisia vizuri hata kabla ya kufungua kitabu.

Bahari ndiyo ya kuanzia, na hapa mtu wa pwani ana faida kuliko Mwingereza wa leo. "Three sheets to the wind" ni mlevi chakari. Wengi hudhani "sheet" hapo ni shuka au tanga lenyewe. Ni kamba: ni demani, ile inayoshika ncha ya chini ya tanga ili lisichezecheze. Demani ikiponyoka, tanga linapigapiga hewani na chombo kinakosa mwelekeo. Zikiponyoka tatu kwa mkupuo, meli inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni usiku wa manane. "By and large", yaani kwa ujumla, ni maneno mawili ya mabaharia. "By" ni kwenda bisho, karibu na upepo unakotoka. "Large" ni kwenda na upepo unaotoka nyuma. Meli nzuri "by and large" ni ile inayokwenda vizuri kwa upepo wowote. "Taken aback", kushtuka na kukosa la kusema, ni meli ya matanga ya mraba iliyogeukiwa na upepo, matanga yakakandamizwa kwenye mlingoti na chombo kikasimama ghafla. "Cut and run" ni kukata kamba ya nanga na kukimbia bila kupoteza muda wa kuipandisha.

Ila tahadhari. Bahari ina mvuto, na watu hupenda kuitwisha nahau zisizo zake. Wachunguzi wa maneno wana utani wao juu ya watu wanaotaka kila neno liwe limezaliwa melini.

Uwanja wa pili ni Biblia, hasa Agano Jipya la William Tyndale la 1526 na tafsiri ya King James ya 1611. Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani. "The apple of my eye" imo katika Kumbukumbu la Torati 32:10, na Biblia ya Kiswahili ina mboni ya jicho. "Apple" lilikuwa jina la zamani la mboni, kwa kuwa ilidhaniwa ni kitu kigumu cha mviringo. "The writing on the wall", dalili ya maangamizi inayoonekana waziwazi, ni karamu ya Belshaza katika Danieli 5, vidole vikiandika ukutani. "By the skin of one's teeth", kuponea chupuchupu, ni Ayubu 19:20. "A drop in the bucket", kitu kidogo mno kisichotosha, ni Isaya 40:15.

Ile inayopendwa zaidi maofisini, "go the extra mile", ni Mathayo 5:41, na asili yake ina ukali ambao matangazo ya ajira yameusahau. Askari wa Kirumi alikuwa na uwezo wa kumlazimisha raia wa nchi iliyotawaliwa ambebee mzigo. Yesu aliwaambia wasikilizaji wake kwamba mtu akikulazimisha maili moja, nenda naye mbili. Leo meneja anataka wafanyakazi waende maili ya pili kwa hiari, na ile ya kwanza ya kulazimishwa haitajwi.

Michezo. Kila wikiendi mtangazaji wa soka hutaja "hat-trick", na wengi hawajui kwamba haikuanzia kwenye soka. Mwaka 1858 huko Sheffield, mchezaji wa kriketi H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watu wakachanga fedha, akanunuliwa kofia. Ngumi zimetoa "below the belt", kumchezea mtu rafu. Sheria za Jack Broughton za 1743 tayari zilikataza kumkamata mpinzani chini ya kiuno. Zimetoa pia "throw in the towel", kukubali kushindwa, ambayo magazeti yetu yameipokea kabisa kwa kurusha taulo. Kabla ya taulo kilirushwa sifongo. Kamusi ya maneno ya mtaani ya 1860 inayo "throw up the sponge", na taulo likaja kuchukua nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mbio za farasi zimetoa "hands down", kushinda kirahisi, kwa kuwa mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali alilegeza hatamu na kushusha mikono.

Jukwaa la maigizo lina kisa ambacho kingeonekana cha kutungwa kama kisingekuwa na mwaka na mahali. Mwaka 1709 John Dennis alionyesha mchezo wake katika ukumbi wa Drury Lane, London, na kwa ajili yake alibuni njia mpya ya kutengeneza sauti ya radi. Mchezo haukuvutia watu, ukaondolewa. Siku si nyingi Dennis akaenda ukumbini hapohapo kutazama Macbeth, akasikia radi yake mwenyewe ikinguruma. Akasimama akalalamika kwa hasira kwamba mchezo wake wameukataa lakini radi yake wameiiba. Ndiyo "steal someone's thunder", kumpora mtu sifa au nafasi yake ya kung'ara. Mchezo wa Dennis hakuna anayeuonyesha tena. Maigizo yametupa pia "in the limelight", kuwa mahali pa kutazamwa na wote, na usijiulize ndimu imeingiaje. "Lime" hapo ni chokaa, ambayo ikichomwa kwa moto wa gesi za oksijeni na haidrojeni hutoa mwanga mweupe mkali. Kumbi za London zilianza kuitumia katika miaka ya 1830, kabla ya umeme.

Sheria. "Riot Act" ilikuwa sheria kweli, na ilisomwa kweli. Ilipitishwa na Bunge la Uingereza na kuanza kutumika Agosti 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu alitakiwa asome tangazo kwa sauti, kwa jina la mfalme, akiwaamuru watawanyike. Walipewa saa moja. Atakayebaki baada ya hapo alikuwa ametenda kosa la kifo. Sasa rudi kwenye zile sentensi tatu za waziri, kocha na mkuu wa shule, uone kwa nini onyo la "riot act" lazima litoke juu. Sheria yenyewe Uingereza imeshafutwa, lakini mzao wake upo hapa kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya, zote za urithi wa kikoloni, bado zina tangazo la kuwataka watu wanaofanya ghasia watawanyike, na idadi iliyotajwa ni ileile, 12.

Uwindaji na ngano nitazipitia haraka. "Barking up the wrong tree", kuelekeza nguvu pasipo penyewe, ni mbwa wa Marekani anayebweka chini ya mti ambao mnyama hayumo. "Beat around the bush", kukwepa hoja, ni wapigaji wa vichaka waliotangulia kuamsha ndege. "Sour grapes" na "cry wolf" ni za Aesop, na ile ya zabibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua kwa maneno yake: sizitaki mbichi hizi.

Shakespeare anastahili onyo zaidi ya sifa. Kweli "wear one's heart on one's sleeve", kuonyesha hisia zako waziwazi, ni maneno ya Iago katika Othello, na "pound of flesh", kudai haki yako hata kama itamuua mwenzio, ni Shylock, ambaye Waswahili tunamsoma kwa kalamu ya Nyerere katika Mabepari wa Venisi, 1969. Lakini nahau nyingi anazopewa yeye alizikuta mitaani. Maandishi yake yalihifadhiwa na kupekuliwa neno kwa neno na watunga kamusi. Ya muuza samaki wa London wa wakati huo hayakuhifadhiwa. Kuwa wa kwanza kwenye karatasi si kuwa mtunzi.

Hatua ya nne: ipime hadithi kwa tarehe

Hii ndiyo hatua inayotenganisha mchunguzi na msimuliaji, na haihitaji shahada. Inahitaji swali moja: nahau hii imeonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza lini, na kwa umbo gani?

Anza na "the whole nine yards", yaani kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Hadithi maarufu inasema marubani wa Vita Kuu ya Pili walikuwa na mikanda ya risasi yenye urefu wa yadi tisa, na aliyefyatua yote alisema amempa adui "the whole nine yards". Nyingine inataja kitambaa cha vazi, nyingine lori la zege. Watafiti wakapekua magazeti ya zamani yaliyowekwa kwenye mtandao, wakalikuta gazeti la mji mdogo wa Kentucky la 1912 limeandika "the whole six yards". Sita! Baadaye gazeti la Indiana la 1907 likapatikana na "the full nine yards" katika habari ya mechi ya besiboli. Rubani wa 1942 hawezi kuzaa maneno yaliyochapwa 1907, na mkanda wa risasi hauwezi kueleza sita. Namba ilikuwa ikibadilikabadilika tu mdomoni mwa watu.

Rudi kwa paka na mbwa. Mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan alitaja mbwa na paka wanaonyesha kama manyunyu. Mwaka uliofuata au karibu na hapo Richard Brome akaandika itanyesha "dogs and polecats", na polecat si paka, ni mnyama wa jamii ya vicheche. Umbo tunalolijua linaonekana kwa Jonathan Swift mwaka 1738. Mpangilio huo unaonyesha mzaha uliokuwa ukibadilikabadilika mdomoni, wala hakuna paa humo. Kwa nini walichagua wanyama hao hakuna ushahidi, na jibu la namna hiyo ni halali kabisa kuliandika.

"Rule of thumb", kanuni ya makadirio, imepewa hadithi mbaya: eti sheria ya Uingereza ilimruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa dole gumba. Jaji Francis Buller kweli alihusishwa na maneno ya namna hiyo, na mwaka 1782 mchoraji James Gillray akamchora kama "Judge Thumb" akiuza fimbo. Lakini sheria hiyo haikuwahi kuandikwa, na nahau ilishakuwepo. Mwaka 1692 William Hope, mwalimu wa upanga kutoka Uskoti, aliitumia kwa mtu anayefanya kazi kwa mazoea pasipo ufundi wa kusomea. Ni kidole cha fundi anayepimia mkono, miaka 90 kabla ya katuni. Wanawake walipigwa, hilo halina ubishi. Ila nahau hii si shahidi wao.

"Saved by the bell" ina mtego wa ujanja zaidi. Inadaiwa ni kengele iliyofungwa kwenye jeneza ili aliyezikwa akiwa hai aivute. Majeneza hayo yalibuniwa kweli. Franz Vester wa Newark, Marekani, alipewa hataza ya moja mwaka 1868. Hapo msomaji mwepesi anashawishika. Lakini kitu kuwepo hakuthibitishi kwamba nahau ilitokana nacho. Mifano ya mwanzo ya maneno hayo, mwishoni mwa karne ya 19, iko kwenye habari za ngumi, bondia anayehesabiwa chini na kengele ya raundi ikalia.

Namna ya kupekua mwenyewe ni hii. Andika nahau ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Books, kisha chagua kipindi, tuseme kabla ya 1900. Usiiamini tarehe inayoonyeshwa kwenye orodha. Fungua picha ya ukurasa wenyewe. Jarida lililoanza 1890 na kuendelea hadi 1950 mara nyingi huandikwa 1890 kwa juzuu zake zote, na hapo ndipo "uvumbuzi" mwingi unapozaliwa. Kwa magazeti ya Marekani tumia Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, ni bure. Kwa vitabu vya zamani tumia Internet Archive. Humo utaipata hata kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose ya 1785, iliyoorodhesha "kick the bucket" tayari ikiwa na maana ya kufa. Jaribu pia maumbo jirani: badilisha namba, geuza mpangilio, weka sifongo mahali pa taulo. Halafu linganisha na kamusi kubwa ya Oxford kama maktaba ya chuo chako inalipia.

Vigezo vya kukataa hadithi haraka ni vichache. Ikisema nahau ni kifupisho cha herufi za kwanza, na maneno yenyewe ni ya kabla ya karne ya 20, ikatae. Ikiwa zipo hadithi nne zinazopingana na kila moja ina uhakika, huenda zote ni za kubuni. Na hadithi isiyo na mwaka, mahali wala maandishi, hiyo ni ya kijiweni.

Hatua ya tano: itafutie mwenzake wa Kiswahili

Mfasiri mvivu hubeba maneno. Wakati mwingine anabahatika, maana zipo nahau zilizohamia kwetu na kupewa uraia: kuua ndege wawili kwa jiwe moja, machozi ya mamba. Nyingine zina ndugu aliyezaliwa hapa. "Too many cooks spoil the broth" ni manahodha wengi, chombo huenda mrama. "Once bitten, twice shy" ni aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Don't count your chickens before they hatch" ni usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa.

Hatari iko kwenye zinazofanana sura. "Beat around the bush" humvutia mtu aandike kuzunguka mbuyu, kwa kuwa kuna kuzunguka na kuna mmea. Lakini kwenye orodha za nahau tulizofundishwa shuleni, kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa. Wapo siku hizi wanaoitumia kwa kukwepa hoja, nami siwalaumu, ila fikiria tafsiri ya ushahidi mahakamani: shahidi alisema mshtakiwa alikuwa "beating around the bush", mkalimani akasema alizunguka mbuyu. Mtu ameshapewa kosa jingine. Andika tu alikuwa akikwepa swali. Nahau isiyo na mwenzake salama ifasiri kwa maneno ya kawaida, hakuna atakayekukata alama.

Zipo pia nahau ambazo asili yake ikishajulikana, mtu mwenye busara anaangalia yuko na nani kabla ya kuzitamka. "Sold down the river", kusalitiwa, ilitokana na watumwa wa Marekani waliouzwa kupelekwa chini ya mto Mississippi, kwenye mashamba ya kusini yaliyoogopwa kwa ukatili. "Grandfathered in", kuruhusiwa kuendelea na utaratibu wa zamani, inatokana na vifungu kama kile cha Louisiana cha 1898, ambacho kilimsamehe masharti ya kupiga kura mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki hiyo kabla ya 1867. Weusi walikuwa watumwa jana yake, kwa hiyo walifungiwa nje bila rangi kutajwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha vifungu hivyo mwaka 1915. Kwenye mkataba wa bima utalikuta neno hilo hadi leo.

Hatua ya sita: iweke kwenye daftari

Kumbukumbu ya nahau moja isizidi nusu ukurasa. Hivi ndivyo ninavyoandika, kwa "bite the bullet":

Maana: kukubali kufanya jambo chungu ambalo umeliahirisha. Hutumika sana kwa serikali inayopandisha kodi na mtu anayekwenda kung'oa jino. Si ya mzaha, si ya matusi. Inafaa kwenye ripoti.

Umbo: hubadilika kwa wakati tu. "Bit the bullet" sawa. "The bullet was bitten" nimeiona kwa nadra, naiacha.

Hadithi inayosimuliwa: majeruhi wa vita aliuma risasi akikatwa mguu bila ganzi. Shaka: risasi inamezeka, na kipande cha ngozi au mti kingefaa zaidi. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani madaktari walitumia sana dawa za usingizi.

Ushahidi: Grose, katika matoleo ya mwishoni mwa karne ya 18 ya kamusi yake, anaeleza askari waliotafuna risasi wakati wa kuchapwa viboko ili wasilie, maana aliyelia alidhihakiwa na wenzake kwa jina la ndege anayeimba usiku. Rudyard Kipling aliitumia mwaka 1891 karibu na maana ya leo.

Hukumu: viboko vina maandishi, upasuaji una sinema.

Kiswahili: kupiga moyo konde.